Mihogo Michungu ya Pembezoni

Wakati wa Waingereza kila kaya ya kijiji chetu cha Pande ililazimika kulima mihogo. Pembezoni mwa shamba langu nilipanda michungu, yenye sumu ikiliwa mibichi, ili nguruwe mwitu wakome. Binti yangu sikumwambia. Nilimwombea tu kila alfajiri, na nikikosea neno nilianza sala upya.

Siku moja mke wangu alimkuta akitafuna mmoja wa ile michungu. Akamtia kidole kinywani.

“Tema, mama! Tema yote!” Kisha akanigeukia. “Nguruwe umewawekea mihogo, mwanao umemwekea sala tu?”

Mtoto alitapika hadi jioni, akapona. Nilimshukuru Mungu kwa aibu. Kesho yake nilimzungusha shambani, nikimwonyesha michungu na kumuuliza kila mche kama ni mchungu au mtamu, mpaka akanichoka.