Waliorudi kwa Mlango Mwingine

Siku niliyoripoti kwenye ofisi ya bima ya afya pale Mbinga nilivaa viatu vyangu vya wodini, maana sikuwa na vingine vya heshima. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka kumi na mmoja, na sikuelewa ofisi ilikuwa inamtakia nini mtu wa kuzalisha. Mkuu wa Uhakiki, mzee mrefu wa Kingoni asiyekuwa na haraka ya maneno, aliitikia shikamoo yangu kisha akanipeleka kwenye chumba kilichojaa maboksi hadi usawa wa dirisha.

"Mama Kapinga, hapa hutaona mgonjwa hata mmoja," akasema. "Wote wamo humu ndani ya fomu."

"Sasa mimi nitafanya nini nao, mzee?"

"Vijana wangu wanajua kujumlisha. Hawajui mtu mwenye nimonia hulala siku ngapi. Wewe unajua."

Kwa ambao hawajaifanya kazi hii, nieleze kidogo. Mwanachama akitibiwa, kituo hujaza fomu ya madai na kuileta kwetu ili kilipwe. Fomu ina namba ya uanachama, umri, msimbo wa ugonjwa (yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa), dawa, siku za kulazwa, na saini ya mgonjwa. Kazi ya mhakiki ni kuangalia kama hayo yote yanaendana. Juma langu la kwanza nilikuta mzee wa miaka sabini wa Ukata ameandikiwa huduma ya kujifungua. Tulicheka mpaka machozi. Karani alikuwa amechanganya namba yake na ya binti yake. Fomu za mwambao wa ziwa nilizitambua hata kabla ya kuzisoma, kwa harufu ya usipa, dagaa wa huko, waliosafiri nazo kwenye gari moja.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Songea, ofisi ya mkoa. Huko Meneja wa Mkoa alikuwa mwanamama mkali, mpenda maswali, na ndiye aliyenifungulia upande wa pili wa kazi. "Tunajua vituo vinadai nini," aliniambia. "Hatujui wagonjwa wanaishia wapi. Fomu hizo hizo zinaweza kutuambia."

Ndipo nikajifunza kupima matokeo ya tiba. Kipimo tulichokitumia sana ni kurudi: mgonjwa aliyetibiwa leo, je, ndani ya siku thelathini amerudi na tatizo lile lile, au na jipya lililotokana na ile tiba? Wakirudi wengi, kuna kitu hakiko sawa. Kazi hiyo niliipenda. Nilijiona niko wodini tena, ila sasa wodi yangu inaanzia Songea na kuishia ziwani.

Niliporudishwa Mbinga nilikuwa msimamizi wa ubora, na jambo ninalotaka kuwasimulia lilitokea hapo.

Kulikuwa na kituo cha afya cha mwambao, chenye chumba cha upasuaji, ambacho jina lake naliacha makusudi. Kwenye jedwali langu kilikuwa mwanafunzi bora. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji pale hawakurudi na vidonda. Hata mmoja. Niliandaa barua ya pongezi kwa mkono wangu, ikawa inasubiri saini ya Meneja.

Lakini mkunga wa zamani ndani yangu hakutulia. Nimeshona, nimefungua nyuzi, najua vidonda. Hakuna kituo duniani ambacho hakirudiwi na hata kidonda kimoja. Nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza nani alirudi kituoni hapo, nikachukua namba za uanachama za wale akina mama na kuuliza: walionekana wapi tena, popote pale?

Wa kwanza nilimkuta hospitali ya Mbinga mjini, siku ya kumi baada ya upasuaji, msimbo wa kidonda kilichoingia uchafu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa amelazwa. Nilipofika wa saba nikasimama, nikaenda kunywa maji. Walikuwa wanarudi kweli, ila kwa mlango mwingine.

Sikukimbilia kuripoti. Kituo kinachopokea akina mama waliochoka, walioshikwa na uchungu siku mbili, hakiwezi kulinganishwa na kinachopasua kwa miadi. Nikawatenga wa dharura na wasio wa dharura, nikalinganisha na vituo vya ngazi ile ile. Bado tofauti ilikuwa kubwa mno.

Nilimpigia Meneja. Alinisikiliza, kisha akasema, "Tusimamishe huduma ya upasuaji pale. Leo."

"Mama, tukiisimamisha leo, mwenye uchungu kule kijijini Lipingo itabidi apande milima hii yote mpaka Mbinga. Wengine hawatafika. Nipe wiki moja niende mwenyewe."

"Na akipasuliwa mwingine ndani ya wiki hiyo?"

"Basi nipe siku mbili," nikasema, akakubali. Alfajiri ya siku iliyofuata nilikuwa kwenye basi la kuteremka ziwani.

Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alikuwa daktari kijana, mstaarabu. Alinifungulia rejista yake bila wasiwasi. "Mama, angalia mwenyewe. Hakuna aliyerudi na kidonda. Wangeharibikiwa si wangekuja?"

Nikamwekea orodha mezani. Aliisoma mpaka chini, akarudia tena. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Sista Melania, mtu wa umri wangu, alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Umekuja kutuhukumu kwa karatasi," akasema.

"Nimekuja tutafute pamoja, dada. Nionyeshe mnavyosafisha vifaa."

Alinionyesha, na kwa kweli sikuona uzembe. Mkasi ulisuguliwa, vitambaa vilikunjwa vizuri. Tukafika kwenye mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, lile sufuria kubwa lenye kifuniko cha kufunga kwa skrubu. Nikainama kuangalia geji, saa ndogo inayoonyesha nguvu ya mvuke. Mshale ulikuwa umesimama penye alama nyekundu, kwamba mvuke umetosha.

"Mmewasha saa ngapi?" nikauliza.

"Bado hatujawasha leo," akajibu Sista Melania.

Nikagusa mtambo kwa kiganja. Ulikuwa wa baridi. Nikaigonga geji kwa kidole, mshale haukutikisika.

Sista Melania alivuta kigoda akaketi. "Kila siku naangalia huo mshale," akasema taratibu. "Kila siku nauamini."

Mganga Mfawidhi alisimamisha upasuaji usiokuwa wa dharura saa ile ile. Vifaa vya dharura vikapelekwa hospitali ya Liuli kusafishwa kwa mvuke, na mtambo ukaombewa geji mpya. Kwa upande wangu kazi ingeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na swali ambalo fomu haina kisanduku chake: kwa nini wale akina mama waliupita mlango wa kituo chao na kupanda mpaka Mbinga wakiwa na vidonda?

Mama mmoja wa Lipingo alikubali tuzungumze. Sista Melania aliomba kwenda nami. Tulimkuta anaanua mihogo, mtoto mgongoni. Alipomwona Sista akasita, akatukaribisha hata hivyo, akatutolea mkeka.

"Nilirudi kufungua nyuzi," alituambia, macho kwenye mkeka. "Sista akaona panatoa maji. Akasema mbele ya watu, 'Nyie hamjui hata kuoga?' Nilikuwa naoga. Mama yangu alikuwa ananichemshia maji kila siku. Nikaona sirudi tena pale. Na wenzangu niliwaambia, wasije wakaaibishwa."

Nikatamani kusema neno la kupoza, lakini halikuwa langu kusema. Sista Melania alisogea mpaka karibu yake.

"Mwanangu, hukuwa mchafu," akasema. "Kidonda chako kilitoka kwetu. Mtambo wetu ulikuwa mbovu na mimi sikujua, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Yule mama akamshusha mtoto mgongoni, akampakatisha Sista. "Mshike basi," akasema. "Wewe ndiye uliyempokea."

Wiki iliyofuata Sista Melania alianza kuzunguka vijijini kwa miguu na kwa pikipiki, nyumba kwa nyumba, akikagua vidonda na kurudia maneno yale yale. Hakuna aliyemtuma.

Miezi mitatu baadaye Meneja alinipigia kwa hasira. "Kituo chako kimeharibika zaidi! Jedwali linaonyesha sasa wanarudi pale na vidonda, zamani hawakurudi."

"Ndiyo, Mama," nikasema, na nilikuwa natabasamu peke yangu ofisini. "Wanarudi kwao. Hebu angalia Mbinga."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Kule Mbinga walikuwa karibu wameisha, na ukijumlisha milango yote, vidonda vilikuwa vimepungua sana. "Kumbe," akasema Meneja. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa pongezi kubwa.

Nimestaafu sasa, nina kahawa yangu Ukata na mgongo unaouma asubuhi. Vijana waliochukua kiti changu wanafanya kwa kompyuta, kwa dakika chache, kile kilichonichukua majuma. Nawafurahia, siwaonei wivu. Ninachowaambia wakija kunisalimu ni kwamba safu ya jedwali ikiwa safi mno wasiishangilie kabla hawajajua waliokosekana wamekwenda wapi.

Maana wapo niliowakosa. Baadhi ya akina mama wa kituo kile hawakuonekana tena kwenye fomu yoyote, si ziwani wala Mbinga. Huenda walipona. Huenda walijitibu kwa majani, huenda zaidi ya hapo. Fomu haisemi, na Sista Melania hakuwafikia wote.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Mbamba Bay nikinunua dagaa. Mtu akamwita mwanamke mmoja muuzaji kwa majina yake yote matatu, akimtania kama anavyoitwa mwanafunzi. Nikageuka. Nilikuwa nimeyaandika majina hayo kwa kalamu, mstari wa mwisho wa orodha ya wale niliowakosa, na mbele yake nikaacha wazi.

Sikumwambia ninamfahamu. Siri ya mgonjwa haistaafu. Nilimsogelea tu, nikachagua fungu.

"Watoto hawajambo?" nikauliza.

"Hawajambo, Mama. Huyu wa mwisho ndiye ananisumbua, anataka kila siku kwenda kuogelea." Akacheka, akainama kwa wepesi kuinua ndoo kubwa ya maji, akajitwika.