Viazi Bila Madonge

Kiharusi kilipompata mke wangu kilichukua mkono wa kulia, nusu ya mdomo, na Kiswahili chote. Kilimwachia Kikuyu tu, lugha ya mama yake. Mimi ni Mjaluo wa Awasi; yeye alikuja Kisumu akiwa msichana, kuuza viazi, na kwa miaka thelathini na mmoja lugha ya nyumba yetu hapa Nyamasaria ilikuwa Kiswahili. Kijaluo alijifunza, akawa anauzia nacho sokoni na kugombana nacho na dada zangu. Mimi cha kwao nilijua salamu tu. Sikuona haraka.

Daktari alisema asile kitu chenye donge, kitamsakama. Ale laini, ashibe, na kama uzito utaendelea kushuka atawekewa mpira wa kupitishia chakula puani. Nikajiapia kwamba huo mpira hautaingia nyumba hii. Mke wangu ni mtu wa viazi, basi atakula viazi.

Lakini mimi nilikuwa fundi wa ujenzi mpaka magoti yalipokataa ngazi, na jikoni nilizoea kuingia kutafuta kiberiti. Siku ya kwanza nilichemsha viazi, nikamwaga maji, nikashika mwiko nikavisonga. Huku kwetu, sufuria ikiwa na kitu na mwiko upo, unasonga. Nilisonga kwa mabega yote kama ugali wa matanga, na kadiri nilivyosonga ndivyo vilivyozidi kuvutika, nikapata gundi. Ndani ya gundi madonge yalikuwa yamejaa tele. Jirani akaniazima blenda. Nikapata gundi nyingine, laini zaidi. Uma ulinichosha vidole. Kitako cha chupa ya soda kiliponda vya katikati, vya pembeni vikakimbia.

Baadaye nikajiuliza, wewe mzee, mchanga wa plasta ulikuwa unaupiga? Si ulikuwa unauchekecha? Nikachukua chujio la chai, la waya, nikavisukuma viazi kwa mgongo wa kijiko vingali moto, kidogo kidogo. Vikashuka laini kabisa. Mengine nilijifunza kwa kuungua: uvichemshe na maganda visinywe maji, uvimenye moto, uvirudishe jikoni kidogo vikauke, maziwa yawe yamechemka, kisha ugeuze mara chache na uache. Kuacha ndiko kulikonishinda siku nyingi.

Basi nikamletea sahani, nikamkalia mbele na kijiko. Akala vijiko vitatu, akausukuma mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, akasema, "Ria."

Kwa watu wa kwao L huwa R. Mchele ni mchere, kalamu ni karamu. Nilimtania hivyo tangu tuoane, naye akanitania mimi Mjaluo ninayesema "samba" badala ya shamba. Kwa hiyo niliposikia "ria" nilijua ni "lia". Katika Kiswahili chote kilichopotea, neno moja limebaki, nalo ananiambia nilie.

Nilijifanya sikusikia. Labda ni madonge. Nikanunua chujio la matundu madogo zaidi, nikachekecha mara mbili. Vijiko vitatu, vinne, kisha mkono, kisha "Ria." Mizani ya kliniki ikashuka tena.

Kwetu humlilii mtu aliye hai. Ni kukaribisha kifo na kukipa kiti. Siku moja mchana hasira zikanipanda. "Silii," nikamwambia. "Hujafa, mama. Kula." Akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sabuni. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikalia hata hivyo, taulo mdomoni. Niliporudi, macho mekundu, nikifikiri sasa ameridhika, akalisema tena neno lile lile.

Wageni walikuwa wameacha kuja. Mwanzoni walileta mkate na sukari, wakaomba, wakaenda zao. Upweke naujua, niliwahi kulala saiti Kisian miezi minane nikijenga ghala. Lakini huu wa watu wawili nyumba moja, mmoja anasema na mwingine hasikii, sikuwahi kuambiwa upo. Nilimlisha, nikamfuta mdomo, kisha nikaenda kula ugali na omena nimesimama jikoni, mlango nimefunga, harufu isimtese.

Dada yake mkubwa, yule wa Nyahururu, hupiga simu Jumapili, nami hutoka nje kumjibu, mgonjwa asisikie akijadiliwa. Jumapili hiyo alipiga mapema, mikono yangu imejaa viazi, nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Tukasalimiana. Nikapeleka kijiko, mkono ukaja.

"Ria."

Shemeji alimsikia. Akaniuliza, "Shemeji, kwani wewe huli?"

"Nakula. Kwa nini?"

"Si anakuambia ule? Kwetu ria ni kula."

Mke wangu alikuwa ameisikia sauti ya dada yake, naye akaanza kusema, polepole, maneno mengi yaliyopinda, mpaka mate yakamtoka. Nikamfuta. Nikangoja.

"Anasema," shemeji akaniambia, "hajakuona ukiweka kitu mdomoni tangu atoke hospitali. Umekonda. Anasema chakula hakitoshi nyumba hiyo na wewe unaficha, basi yeye anaacha nusu, ule wewe. Ni kweli hakitoshi?"

Kilo nne za viazi zilikuwa chini ya meza. Miezi mitatu mke wangu alikuwa anajinyima ili mimi nishibe, na mimi nachekecha.

"Kinatosha," nikasema. "Shemeji, neno 'nisamehe' kwenu mnalisemaje?"

"Njohera."

Nililijaribu mara tatu, ulimi unagoma, kabla ya kumgeukia na kumwambia. "Njohera."

Alinisikiliza vizuri. Akausukuma mkono wenye kijiko mpaka mdomoni mwangu.

"Ria," akasema.

Nikala, akinitazama mpaka nikameza, ndipo akafungua mdomo wake.