Viatu Mlangoni mwa Stoo

Kabla sijawa mke wa mtu nilikuwa mwalimu wa kompyuta, na kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kutomwamini mtu. Chuo chetu kilikuwa ghorofani, mtaa wa Umoja, Nairobi, juu ya duka la rangi na misumari. Vijana waliomaliza kidato cha nne walikuja kufanya pakeji, zile kozi fupi za kompyuta, kama kila kijana wa Eastlands wakati ule alivyofanya akingoja matokeo, nami niliwapokea mlangoni kwa neno moja: "Viatu!"

Hakuna aliyeingia chumba cha kompyuta na viatu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tuliamini kwamba vumbi ndilo linaloleta virusi. Mimi mwenyewe niliamini, na cheti changu kilikuwa ukutani kikinitazama. Mashine zilivishwa vitambaa vya maua vilivyoshonwa na fundi wa jirani, na sisi binadamu tukatembea na soksi. Nilivijua viatu vya kila mwanafunzi. Nikitupa jicho pale ngazini nilijua nani amefika, nani amechelewa, na nani ameingiza rafiki ambaye hajajiandikisha. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo siku nzima, lakini viatu vyake viko pale vimekaa.

Somo la kwanza lilikuwa karata. Ule mfumo wa zamani wa kompyuta ulikuja na mchezo wa karata, na hakuna njia bora ya kumfundisha mtu kushika kipanya: bonyeza, shikilia, buruta, achilia. Baada ya somo hilo mchezo ulikuwa haramu, na aliyekamatwa akiucheza alifuta vumbi kwenye mashine zote.

Mume wangu alikuja kama mwanafunzi. Alikuwa amewazidi wenzake umri, anafanya kazi kwenye ghala Industrial Area, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu ambalo alijaribu kulificha kwa kukunja kidole gumba. Alishika kila kitu upesi mno. Nilimtilia shaka kwamba ameshasoma kwingine na sasa amekuja kunipeleleza kwa niaba ya chuo cha upande wa pili wa barabara. Kumbe alikuwa ana akili tu, na alikuwa ananitaka. Tulioana, chuo kikaja kikafungwa watu walipoanza kushika kompyuta kwenye simu zao, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda zao, na mpaka leo hajawahi kuniita kwa jina langu. Huniita Mwalimu.

Kisha kiharusi kikanipitia. Mdomo ulirudi mapema, na dada yangu husema ulirudi na riba. Mguu nao ukafuata. Mkono wa kulia ndio ulionigomea. Vidole vilikaa pale mapajani kama vya mtu mwingine aliyevisahau kwangu.

Hospitalini walinipa mpira wa kubana. Nibane, niachie, nibane, niachie, huku kijana mwenye koti jeupe ananipigia makofi. "Safi sana, mama! Umefanya vizuri!" Mimi niliyewafundisha watu wazima nipigiwe makofi kwa kubana mpira! Tuliporudi nyumbani, mtaa wa Fedha, niliutupa nje ya roshani. Mama anayeuza mboga chini ya ploti yetu ya ghorofa akaurudisha. Nikautupa tena. Mume wangu akauweka kabatini na hakuutaja tena, na yule hata kijiko kikipotea hukiulizia.

Sasa niseme jambo lililokuwa likinila. Mimi ni mtoto wa Pumwani, nimezaliwa na kulelewa kwenye nyumba za Waswahili, na nimeona jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mke akiugua, watu huja kumwombea dua sebuleni, na huko nje wengine wanamtafutia mume wake mke wa pili. Wanasema ni huruma, mwanamume naye atapikiwa na nani. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile nilipoanguka jikoni, kwa sababu siku ile nilijua angalau kinachonipata.

Tangu tuoane, kila Ijumaa mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya kanzu. Ni vile vidogo vya kifuani hadi shingoni, naye alisimama mbele yangu kidevu juu kama mtoto anayepelekwa madrasa. Baada ya kiharusi akaanza kuvifunga mwenyewe chumbani, mlango umerudishwa, anatoka tayari. Nami nikajiambia, ameanza kujizoesha kuishi bila mimi.

Ndipo simu zikaanza. Alikuwa akitoka roshani kuongea, yeye ambaye miaka yote huongea na simu kana kwamba aliyeko upande wa pili ni kiziwi. Siku moja nilijisogeza hadi kwenye pazia.

"Imefika?" akauliza. Akasikiliza. "Nitakuja mwenyewe kuichukua. Hapana, usipige jioni, nitakuwa naye. Asijue kabisa."

Na sauti iliyomjibu, Mungu ananiona, ilikuwa ya mwanamke.

Dada yangu mkubwa alikuja siku ya pili kutoka Pumwani akiwa bado anahema kwa ngazi. Dada yangu hana haja ya redio. Akakaa, akafungua mtandio, akaniangalia kwa jicho la msiba.

"Nimemwona mumeo Eastleigh," akasema.

"Eastleigh kila mtu huenda."

"Alikuwa kaunta, kwenye moja ya yale maduka ya ndani ya jengo. Anacheka na mwanamke wa buibui. Amepewa kimfuko cha mahameli, kile chenye kamba, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Ndani, mdogo wangu. Wewe unajua kinachotiwa kwenye kimfuko cha mahameli."

Nilijua. Dhahabu yangu mwenyewe ya harusi ilikuja kwenye kimfuko kama hicho.

"Basi nimwambie mjomba aje tukae kikao?" akauliza.

"Ngoja kwanza nione kwa macho yangu," nikamwambia. Alipoondoka nililia, kisha nikanawa uso na kuanza upelelezi.

Haukuchukua muda. Nyumba yetu ina stoo ndogo karibu na jikoni, yenye magunia ya mkaa tuliyoacha kuyatumia, magodoro ya wageni na mapambo ya zamani. Nikagundua kwamba kila siku baada ya Alasiri, mume wangu anapotea. Na siku moja nikipita kwenda jikoni nikaona viatu vyake nje ya mlango wa stoo. Vimepangwa vizuri, vidole vikiangalia ukuta.

Nilisimama nikavitazama. Ni nani anayevua viatu kuingia stoo? Humo ndani kuna vumbi kuliko barabarani. Mtu huvua viatu akiingia msikitini, au kwa watu anaowaheshimu. Nikafikiria mambo mengi, mengine siwezi kuyaandika. Nikafikiria kafara, ubani, mganga. Nikatafuta kama kuna jozi ya pili, ya kike, na kukosekana kwake hakukunituliza. Wapo wanaoingia navyo.

Nikabandika sikio mlangoni. Kwanza kimya. Kisha ikalia sauti fulani, muziki mfupi mtamu, wa noti chache tu, unapanda na kushuka. Nikajua hiyo ni simu ya yule mwanamke. Lakini wakati huohuo mwili wangu wote ukanisimama wima, kama zamani nilipokuwa nikisimama mbele ya darasa. Ule muziki nilikuwa naujua. Nilikuwa nikiusikia kila asubuhi, mashine zikiamka moja baada ya nyingine chini ya vitambaa vya maua.

Nikasukuma mlango kwa bega.

Alikuwa amekaa juu ya godoro la wageni, na soksi zake, ameinamia kitu mikononi. Akashtuka, akakificha chini ya paja.

"Toa," nikasema.

"Mwalimu, si kitu."

"Toa hicho kitu kabla sijamwita mjomba!"

Akakitoa. Ilikuwa mashine ya gemu ya kushika mkononi, ile ambayo wajukuu wa watu huing'ang'ania safari nzima. Ni pana kuliko simu, ina kioo katikati, vijiti viwili vya kusukumwa kwa kidole gumba, na vitufe juu na pembeni. Kimfuko cha mahameli kilikuwa pale kwenye godoro. Na kwenye kioo hakukuwa na mpira wala mbio za magari. Kulikuwa na kile kilima cha kijani, anga lile la buluu lenye mawingu, na kikapu cha taka kwenye kona. Kompyuta nzima ya chuo chetu kilichofungwa zamani ilikuwa imewaka ndani ya mchezo wa mtoto.

"Hii imeingiaje humu?" nikauliza.

"Kuna programu inajifanya ile mashine ya zamani. Halafu mfumo wetu unakaa juu yake, unadhani uko nyumbani." Akakuna kichwa. "Lakini inanishinda. Angalia."

Alikuwa amefungua karata. Akaupeleka mshale kwa kile kijiti cha kulia, ukapita karata aliyoitaka, ukaenda kugonga ukingo. Akaurudisha, ukapita tena. Akashika malkia mwekundu, akasahau kushikilia kitufe, malkia akarudi alikotoka. Akajaribu kumweka juu ya mfalme mwekundu.

"Nyekundu juu ya nyekundu?" nikasema. "Umesahau hata hilo?"

"Miaka imepita, Mwalimu."

Akaburuta tena, akaangusha tena. Mara ya tatu sikuweza kuvumilia. Nani anaweza kumtazama mtu akiharibu somo la kwanza?

"Lete hapa!"

Nikakaa kwenye godoro nikainyakua. Mkono wa kushoto ukashika upande wake. Wa kulia nikaulaza upande wa pili, na kidole gumba nikakipandisha juu ya kijiti. Hakikusogea. Nikakikemea kwa sauti, kama nilivyomkemea mwanafunzi. Kikasogea. Mshale ukatembea kidogo, ukasimama, ukatembea tena kwa kutetemeka hadi juu ya malkia. Sasa kidole cha shahada kibonyeze kitufe cha juu na kishikilie huku gumba likiburuta. Nilitokwa na jasho. Malkia aliniponyoka mara sijui ngapi, na kila alipoponyoka mume wangu aliguna kwa pole, nami nikamwambia anyamaze kwenye darasa langu. Jua la jioni lilikuwa limefika mlangoni malkia alipokaa juu ya mfalme mweusi.

Sikuambiwa "safi sana, mama". Aliniuliza tu kama chai niinywee humu humu.

Tangu siku hiyo, baada ya Alasiri, stoo ikawa chumba cha kompyuta. Yeye alicheza vibaya, mimi nikamsahihisha. Hakuna kilichotajwa kuhusu mkono. Nilianza kwa karata, nikaingia kwenye ule mchezo wa mabomu yaliyofichwa kwenye miraba, na mwishowe nikafungua ukurasa wa kuandikia, nikawa nachagua herufi moja moja kwa mshale. Jambo la kwanza nililoandika lilikuwa tusi. Akalisoma, akacheka mpaka akajiegemeza kwenye gunia la mkaa.

Lakini mimi ni mimi. Dhahabu haikuwapo, sawa. Yule mwanamke alikuwa nani? Nikaitafuta namba kwenye simu yake aliyoiacha nyumbani akienda msikitini, nikapiga. Ikajibu sauti ileile ya kike.

"Hello, nani?"

"Mke wa mwenye namba hii," nikasema kwa baridi.

"Ai, Madam! Niaje Madam! Ni mimi ule student wako wa nyuma, yule ulinikamata na karata nikapanguza mashine zote! Siku hizi nina duka huku Eastleigh, nauza hizo vitu za gemu. Mkono uko aje?"

Nikajikohoza. Nikamuuliza kama ni yeye aliyeiweka ile kompyuta ya zamani ndani ya mashine.

"Mimi? Zi, Madam. Mimi niliuza tu. Hiyo aliiweka mwenyewe, hapa hapa kwa kaunta, hata hakuniuliza kitu. Akacheza karata akamaliza zote, wateja wakakuja kumwangalia. Huyo buda wako ako na mkono fasta, walai."

Nilikata simu nikakaa. Nikakumbuka malkia akigonga ukingo, nyekundu juu ya nyekundu. Nikakumbuka mwanafunzi aliyeshika kila kitu upesi mno. Nilikuwa nimechezewa, tena na mtu mwenye soksi iliyotoboka.

Sikumwambia kitu. Nilingoja Ijumaa. Alipoingia chumbani kuvaa kanzu sikumwachia arudishe mlango. Nikaingia, nikamsimamisha dirishani, nikashika kifungo cha chini kabisa kwa vidole vya mkono wa kulia. Akainua kidevu bila kuambiwa. Kifungo kilinisumbua, kikaingia. Nikahamia cha pili.

"Karata unazijua," nikasema.

Akazidi kuinua kidevu.

"Unazijua kuliko mimi. Kwa nini basi ulijificha stoo? Si ungenipa tu mkononi?"

"Ningekupa," akasema akiangalia dari, "ingekwenda kwa mama mboga."

Hilo sikuweza kulikataa. Nikapanda kifungo kingine, polepole, gumba likitetemeka.

"Na kama nisingefungua mlango? Kama ningemwita mjomba, au ningerudi kwetu Pumwani? Ulijuaje kwamba nitaingia?"

Akashusha kidevu akanitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mwalimu," akasema, "humo stoo kuna vumbi tupu. Unadhani viatu nilivivua kwa ajili ya nani?"

Kilikuwa kimebaki kifungo cha shingoni. Nilikifunga, kisha nikakivuta kidogo kuhakikisha kimeshika.