Chuma Kilicholala Vibaya

Kazini tulimwita Mzee Kamba, maana hakuamini jicho la mtu, hata lake mwenyewe. Kila kitu alikipimia kamba. Siku ya arusi ya binti yake alianza kunyoosha safu za viti, mkewe akamwambia, "Baba, hao ni wageni, si nguzo." Miaka ishirini na miwili alifunga kingo za chuma kando ya barabara, nami nikimkazia nati.

Kingo hulaliana kama mabati ya paa. Bati hufuata maji, kingo hufuata magari. Ncha ya kipande ikiyakabili magari yanayokuja, siku gari likigonga, kiungo huachia na chuma huingia ndani ya gari. Ndiyo maana huwa tunaanza kufunga kutoka mwisho, kule magari yanakoelekea. Lakini kwenye kona ya darajani lori lilimwaga vipande mwanzoni, nasi kwa uvivu wa kubeba tukaanzia hapohapo. Tuligundua ncha zimekaa kinyume jioni ya mwisho, mvua ikinukia. Mzee Kamba alinitazama. Nikasema, "Zitakaa tu, mzee." Maneno hayo ni yangu, simsukumii mtu.

Miezi minne baadaye mwalimu mmoja alikwepa pikipiki, akagonga pale. Chuma kilipita mlangoni kikamkata mguu. Ripoti ikasema ni mwendo kasi. Nilipoisoma nilishusha pumzi, na mpaka leo naionea haya pumzi ile.

Mke wa Mzee Kamba ndiye aliyenipigia simu. "Shemeji, mwenzio hali wala halali. Mmefanya nini huko?"

Tukaenda hospitali. Mwalimu aliposikia sisi ni mafundi wa kingo, alitushika mikono. "Ahsanteni, baba zangu. Bila chuma kile ningekuwa mtoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kamba akavua kofia, akamweleza yote: lori, mvua, ncha zilizokaa kinyume. Hakunitaja. Ikabidi nijitaje mwenyewe.

Mwalimu aliachia mikono yetu. Akaitazama shuka pale ilipolala bapa. Nilingoja matusi, ningeyapokea kwa shukrani.

"Mlifunga hivyo kona hiyo tu?"

"Hapana, mwanangu," Mzee Kamba alisema. "Na ya mteremkoni."

Akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Basi la shule yetu hupita mteremkoni saa tisa. Sasa hapa mmekaa mnanililia nini?"