Gauni la Rangi ya Pazia

Saa mbili asubuhi, na sebule ya watu imeshageuzwa. Makochi yamesukumwa ukutani, meza ya chakula imetolewa nje, na katikati ya sakafu amekaa mwanamke mwenye gauni jeusi, anajaza maputo kwa pampu ya mkono. Kila puto likijaa analipitisha kwenye tundu alilokata kwenye boksi. Likikwama, analipunguza upepo. Likipita kiulaini mno, analiongeza. Leo rangi ni bluu. Mwenye siku, anayetimiza miaka mitatu, amelala chumbani hana habari.

Wateja wanamwita Mama Maputo. Anapamba sherehe za kuzaliwa za watoto, zile za rangi moja kuanzia pazia hadi keki, na wageni wakavaa rangi hiyo hiyo.

Ugomvi wake na wateja ni rangi. Mtu anamwonyesha picha kwenye simu, yeye analeta maputo, halafu anaambiwa siyo yenyewe. Dawa aliyoigundua ni kuingiza puto moja ndani ya jingine, jeupe ndani na la rangi nje, mpaka ipatikane ile iliyofifia anayoitaka mteja. Juani hayatoi, kwani jua huyavisha ukungu kabla hata wageni hawajafika.

Nusu ya anacholipwa huishia kwenye vifaa. Mwezi ukiwa mkavu, anafua nguo za watu.

Gauni jeusi nalo ni sehemu ya kazi. Mpambaji hatakiwi kuonekana kwenye picha, na mwanawe hatakiwi kuonekana kabisa. Hilo la pili alifundishwa mapema, siku alipokwenda kazini na mtoto mgongoni, mtoto akaangua kilio wakati keki inakatwa. Mteja yule hakumpigia tena simu, wala ndugu zake.

Mtoto huyo sasa anakaribia miaka sita. Nyumbani wanamwita Kibibi, kwa sababu anaongea kama mtu mzima mwenye madeni. Hajawahi kufanyiwa sherehe hata moja. Kinyozi hajinyoi, nasi huwa tunausema msemo huo kwa kucheka, lakini mwulize mtoto ambaye kila mwaka huletewa puto la mwenzake, limeshalegea, lina rangi aliyoichagua mtu mwingine.

Mwezi uliopita Kibibi alirudi shuleni na kadi. Darasa zima lilikuwa limealikwa kwenye siku ya kuzaliwa ya rafiki yake, na kila mgeni avae manjano. Kabla wiki haijaisha, mama wa rafiki huyo akampigia simu Mama Maputo kumpa kazi ya kupamba. Alipewa namba na mtu, hakujua anaongea na mzazi mwenzake.

Angeweza kusema pale pale kwamba na wangu amealikwa. Hakusema.

"Niliogopa," anasema, huku akifunga puto bila kulitazama. "Nilijua ataona nimejileta na mwanangu kula bure."

Basi jioni moja akamkalisha binti yake kitandani, akamweleza. Jirani atampeleka hadi getini. Akiingia, asimwite mama. Asimsogelee. Asimjue kabisa. Kibibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza akibanwa na haja amwambie nani. Akaambiwa amwambie mama wa mtoto yeyote.

Likabaki gauni. Nguo ya manjano haikuwepo nyumbani, ila kilikuwepo kitambaa, alichonunua mwenyewe, kilichobaki baada ya kushona pazia la sherehe hiyo hiyo, la kutundika nyuma ya keki. Akamshonea gauni la mikono mifupi, lenye fundo kubwa kiunoni. Anasema lilimkaa, na anaposema hivyo bado uso unamchangamka.

Hata mimi nisiyejua kutofautisha zambarau na urujuani ningeiona hatari iko wapi. Lakini mwanamke huyu amezoea kuhangaika vitu vifanane, na vilipofanana alifurahi tu.

Siku ikafika. Mpiga picha akawaita watoto mbele ya pazia, Kibibi akawekwa katikati kwa sababu ni mfupi. Akainua kamera, akaishusha, akacheka.

"Huyu mdogo simwoni," alisema. "Naona kichwa tu kinaelea."

Watu wazima wakacheka. Mama Maputo alikuwa juu ya ngazi, anarudishia kichala cha maputo kilicholegea. Mwenye sherehe, yule mama wa rafiki, akasogea, akashika mkono wa gauni, akashika pazia, kisha akainua macho kwenye ngazi. Hakukasirika, na hilo ndilo Mama Maputo analolirudia zaidi. Aliinama tu kwa upole, akamuuliza mtoto kama mpambaji ni mama yake.

Kibibi alimtazama mama yake kule juu.

"Hapana," alijibu. "Simjui."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amelelewa hivyo kwa jioni moja tu.

"Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja," anasema mama yake. "Nikafunga puto."

Mwenye sherehe akaona gauni litaharibu picha, akamtoa Kibibi kwenye mstari na kumkalisha kwenye kiti karibu na ukuta. Wenzake wakapigwa picha, wakabadilishwa nafasi, wakapigwa tena. Hakulia. Alipoletewa keki alikula, akasema asante, wala ngazi hakuitazama tena. Njiani kurudi nyumbani alimuuliza mama yake kama kuna mahali alikosea.

Inauma kuandika kwamba sherehe ile ilisifiwa sana. Picha zilitoka nzuri, watoto wote wanaonekana, na mwenye sherehe akaigawa namba ya Mama Maputo kwa marafiki zake. Kazi hii ya leo ya bluu imetoka kwake.

Mwezi ujao Kibibi anatimiza miaka sita, na Mama Maputo amekataa kazi zote za siku hiyo. Maputo ameshanunua, safari hii si mabaki ya mtu. Anasema hatavaa nyeusi, na kwenye picha atasimama. Rangi amemwachia mtoto achague, naye amesema yoyote isipokuwa manjano.

Kibibi anataka darasa zima lije, na wa kwanza kumtaja ni rafiki yake yule wa manjano. Rafiki hawezi kuja peke yake, ataletwa na mama yake. Mama Maputo anajua maana yake: uongo utafumuka mbele ya mteja mkubwa kuliko wote alionao, na huenda simu zikakoma. Hata hivyo amekubali.

"Nilimwambia watakuja," anasema. Ameacha pampu. "Akaniuliza, 'Sasa mama yake akiwepo, nikuite nani?' Nikamwambia aniite mama. Akaniuliza, 'Hata watu wakisikia?'"