Udongo wa Mahame

Roda Namwinga hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mwaka sabini na nne yalipungua zaidi. Mwaka huo watu walihamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kutoka kwao Ndalambo. Wenzake walihama na kuku wao na mbuzi wao. Yeye alitolewa ndani na mgambo, chungu kimoja kifuani, na nyumba ikatiwa moto nyuma yake ili asipate pa kurudi. Kando ya nyumba ile aliacha makaburi matatu: la mumewe, na ya watoto wake wawili, Yonasi na mdogo wake wa kike.

Kijijini waliendelea kumwita Mama Yonasi. Kila siku ya Mungu aliitika jina la mtoto ambaye hakuruhusiwa kwenda kumpalilia kaburi. Maana kurudi mahame, kwenye makazi yaliyoachwa, kulikatazwa. Aliyekutwa kwenye njia ile alihesabiwa mpinzani wa kijiji, na Roda alikwisha kukutwa mara mbili. Mara ya pili Mwenyekiti Amoni Simbeye alimlimisha shamba la kijiji siku sita, peke yake, watu wakipita wanamtazama.

Mwaka sabini na sita, mwezi wa nane, moto wa nyika uliruka kijito ukala paa la nyasi la shule. Kuta za matofali zikabaki wazi. Watoto wakasomea juani, na mvua zilikuwa zinakuja. Mkutano ukaitwa.

"Nyasi tena?" aliuliza Mwalimu Ishaka, mtu wa pwani, aliyeletwa kuongoza shule ile. "Nyasi zote za karibu zimeungua. Mtazitoa wapi, Zambia?"

"Basi bati," akasema mmoja.

"Bati nimeandika barua tatu. Tunaambiwa tungoje. Na ukiziona bati Tunduma leo, kesho ziko Nakonde, ng'ambo ya mpaka."

Watu wakacheka. Ndipo Roda akainuka, akaja mbele, akachutama na kupiga makofi ya heshima. Akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na kigae kimoja, chekundu, kilichopinda kama ganda la mti. Alikuwa amekifinyanga juu ya gogo na kukichoma pamoja na vyungu vyake. Akakigeuza kikawa kama mfereji, akakimiminia maji, akamkabidhi mwalimu. Mwalimu akapapasa upande wa chini. Pakavu.

"Hiki ndicho!" alisema Ishaka. "Vigae kama hivi vinakaa miaka na miaka."

Amoni hakukigusa. "Udongo wa wapi huu, Mama Yonasi?"

Roda akainamisha kichwa. "Wa mahame, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuja nao ndani ya chungu siku ile. Ulikuwa umebaki huo tu. Kwenye kijito kule upo mwingi."

Watu wakaguna. Jenista, jirani yake ukuta kwa ukuta, akapaza sauti: "Si niliwaambia? Huyu mwili uko hapa, roho iko kule. Ataturudisha wote porini!"

"Tangu lini mahame yakawa duka la vifaa?" Amoni alisema. "Haya. Apa mbele ya watu hawa, kwa huyo Mungu unayemwimbia kila Jumapili, kwamba ni kwa ajili ya shule tu. Kwamba huna hamu ya kurudi kule. Apa, nikupe watu ishirini na mikokoteni."

Neno moja tu lilitakiwa. Roda alifungua mdomo. Akayaona makaburi, magugu yamefika kiunoni. Akaufunga.

"Mmeona?" alisema Amoni.

Vigae vilikubaliwa, lakini udongo ukaamriwa utoke kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya ofisi. Matofali yote ya kijiji yalitoka humo, na hakuna aliyeona ubaya wa kufyatulia vigae. Roda alikatazwa kufinyanga, akapangwa kuchota maji.

Alichota. Vigae vikachomwa kwa tanuri, vikatoka vyekundu hata kuliko chake, watu wakashangilia. Jioni moja, akimalizia ndoo ya mwisho, alikimwagia maji kigae kimoja akakiinamia. Kilinyonya. Maji yalizama huku yakilia ss-ss, kama mtoto mwenye kiu, na alipokinyanyua kilikuwa kizito karibu mara mbili. Udongo wa mchwa una mchanga. Tofali halijali, linasimama ukutani chini ya paa. Kigae ndicho chenye kunyeshewa.

Akamfuata Amoni nyumbani. "Ndugu Mwenyekiti, vile vigae vinakunywa maji. Miti ya paa haitavibeba."

"Nani alikutuma uvimwagie maji?"

"Nilikuwa napima tu."

"Pima ndoo zako, mama. Ukirudia nitaandika barua tarafani."

Alirudi kwake akapiga magoti, akaomba hadi miguu ikafa ganzi. Asubuhi alikwenda kwa Mwalimu Ishaka akamweleza. Mwalimu hakubishana naye, ila hakuwa na ubavu wa kumpinga mwenyekiti. Alichoweza ni kuahidi kwamba ikinyesha mfululizo, watoto hatawaweka ndani.

Vigae vikapandishwa paani vivyo hivyo. Mvua zikaja mwezi wa kumi na mbili. Siku ya tatu ya mvua, mchana kweupe, mwalimu amewatoa watoto wote na kuwapeleka chini ya kibanda cha ghala, paa likalia kama mti unaokatika, likaingia ndani ya madarasa lote kwa mara moja. Hakuumia mtu. Roda alipofika mbio, Jenista alikuwa wa kwanza kumnyooshea kidole.

"Alivimwagia maji! Nilimwona kwa macho yangu, ameinama, anavisemesha!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Kisimani walimpisha, wakaondoka. Kanisani benchi alilokaa lilibaki lake peke yake. Alikaa, akaimba.

Januari ikaja habari kwamba wakubwa watapita kukagua shule. Bati bado. Nyasi hazijakomaa. Amoni akafika uani kwa Roda, hakupiga hodi wala hakuketi.

"Chukua jembe na kikapu. Utanionyesha huo udongo. Na usifikiri umeshinda."

"Sikuwa nashindana, Ndugu Mwenyekiti." Roda alifuta mikono yake, akasimama wima mbele yake kwa mara ya kwanza. "Uliniambia niape, nikanyamaza. Leo nakujibu. Udongo ule ni mzuri kwa shule. Na mimi nataka kwenda kwa wanangu. Yote mawili ni kweli. Nitaanza kwa wanangu, kisha nitakupeleka kijitoni. Kama hutaki, andika barua yako."

 Shingo ya Amoni ilimvimba. Kisha akatema mate pembeni. "Twende."

Walitembea wameachana hatua kumi. Mahame palikuwa pori. Kuta za nyumba zilikuwa zimelainika kwa mvua, miche ya mipapai imeota yenyewe jikoni. Roda alikwenda moja kwa moja, hakupapasa njia. Akakunja kitenge, akaanza kung'oa magugu, kwanza kaburi la mumewe, halafu la Yonasi. Mizizi mikubwa aliikata kwa lile jembe la kuchimbia udongo. Amoni alisimama amempa mgongo, akilipiga buti lake kwa fimbo.

"Nusu saa nzima hiyo! Umemaliza?"

"Bado."

"Jua linakwenda, Mama Yonasi!"

"Bado mmoja, Ndugu Mwenyekiti," alisema Roda, akasogea kwa magoti hadi kwenye kaburi dogo, akaendelea kupalilia taratibu.