Saa Iliyopima Moyo wa Mama

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Simu ikiita alfajiri, nishapanga msiba mzima kabla sijaipokea. Kwa hiyo siku daktari alipomwambia mama kwamba moyo wake unadunda ovyo na unahitaji kuangaliwa kwa karibu, aliyeanza kuumwa ni mimi.

Mama anaishi Butiama peke yake tangu baba afariki. Mimi nakaa Nyasho, Musoma, ila kazi yangu iko Bunda, ofisi ya pamba. Jumatatu naenda, Alhamisi jioni narudi. Nikamnunulia saa janja, ile ya kioo cheusi inayohesabu mapigo ya moyo. Simu yangu ya zamani nikamwachia kabatini, iwe inazipokea namba kutoka kwenye saa na kunitumia popote nilipo. Nikajiona nimemaliza kazi.

Shida ilikuwa mkono wake wa kushoto. Huko alivaa saa ya baba, ya mishale, ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika mpaka uinamishe kichwa ndipo uisome. Baba aliitega kwa hesabu yetu ya Kiswahili: ikiwa saa moja asubuhi, mshale mfupi unakaa kwenye moja, si kwenye saba kama saa za watu wengine. Wageni waliikodolea macho wakidhani imeharibika. Mama hajawahi kusoma saa nyingine maishani mwake.

"Vaa hii, mama. Ile tuiweke kabatini."

"Hiyo inasema saa saba na jua ndiyo kwanza linatoka. Si itanikosesha dawa?"

"Nitaiwekea mlio. Ikilia, unameza."

"Na ya baba yako nani ataitiaga ufunguo?"

Nikamwambia basi avae zote, moja kila mkono. Akaniuliza nimemwona wapi mtu mwenye akili zake amevaa saa mikono yote miwili, na kanisani watasemaje. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikatamka neno ambalo mpaka leo linanichoma: kwamba baba alituponyoka kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia, na mimi sitaki kuzika tena kwa uzembe. Mama akafungua mkanda wa saa ya baba bila kunitazama. Akanyoosha mkono.

Wiki za kwanza nilikuwa na raha ya ajabu. Sabini na mbili. Sitini na tisa. Sabini na nne. Nilizichungulia namba hizo kwenye kikao, chooni, kwenye mizani wakulima wakipanga marobota yao. Wenzangu walidhani nimepata mchumba, wakaanza kunitania. Niliwaacha waamini hivyo, kuliko kueleza kwamba natazama moyo wa mama yangu.

Halafu Ijumaa moja ikaja mia thelathini na moja.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimekaa."

Amekaa, na moyo uko mia thelathini na moja! Nikamuuliza dawa, akasema amemeza. Nikamuuliza kifua, akasema hakina neno. Niliogopa kukata simu, nikawa namwongelesha chochote kilichonijia, mvua, mtama, bei ya sukari, huku jicho liko kwenye namba mpaka ikashuka. Jumanne ikapanda tena. Jumamosi tena. Kila mara amekaa, kila mara hana neno, na sauti yake imechangamka kabisa. Uchangamfu huo ndio ulionimaliza nguvu. Nimeona wagonjwa wakichangamka hivyo, wakaomba hadi uji, na kesho yake tukawalilia.

Jumatano iliyofuata, Bunda, saa nne asubuhi, ikafika mia arobaini na nane. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tano niliacha foleni ya wakulima imesimama, sikumuaga mtu, nikapanda gari mpaka Makutano, hapo nikachukua bodaboda ya Butiama. Njia nzima nilikuwa nazika. Nilishachagua nani ampelekee baba mdogo taarifa, na kaburi lichimbwe upande gani wa la baba. Kila nikitazama simu, namba bado iko juu. Nilimwomba Mungu isishuke, maana ikishuka nilijua ingeshukia wapi.

Nilipoingia uani, mama alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Mkono wake wa kushoto una saa ya baba. Mbele yake jirani yetu, mwanamke mwenye nguvu za watu wawili, anapasua kuni kwa shoka, jasho linamtiririka, na saa janja imembana mkononi.

"Hata shikamoo hakuna?" mama akaniuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Jirani aliniangalia usoni, akaweka shoka chini taratibu. "Mimi nimevalishwa tu, dada," akasema. Akaivua saa, akaiacha juu ya kuni, akaondoka.

Nilipayuka. Nilimwambia mama kwamba nimemzika njia nzima, kwamba ananifanyia mchezo, kwamba kazi yangu huenda imekwisha. Nikakaa chini kwenye vumbi na sketi ya ofisini. Mama alisubiri nimalize.

"Siku ya kwanza jirani alikuwa anaijaribu tu," akasema. "Alitaka aone na yeye moyo wake una ngapi. Akapasua kuni mbili tatu, wewe huyo ukapiga."

"Sasa ningeacha kupiga, na namba iko vile?"

"Zamani ulikuwaga unapiga kila asubuhi, kabla hujaingia kazini. Tangu univalishe hiki kidude, kimya. Nikajua ukiona namba nzuri unaridhika, unaendelea na mambo yako."

Nilifungua orodha ya simu nilizopiga ili nimwonyeshe kwamba ananisingizia. Ijumaa ile, Jumanne, Jumamosi, na leo. Nyuma ya hapo nilisogeza kidole nikasogeza, wiki tatu nzima, sikulikuta jina lake. Na wiki zote hizo nilipita Makutano kila Jumatatu na kila Alhamisi, nikaona pikipiki za Butiama zinangoja abiria, sikushuka hata mara moja.

Mama aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Leo simu nimeisikia ikiita," akasema. "Sikupokea makusudi. Sauti ilikuwa hainitoshi tena, nilitaka uje."